Maswali yenu: Anakariri daftari zima, swali likigeuzwa kidogo anakwama

Mwezi huu barua na meseji nyingi zimegusa kitu kimoja, jinsi kichwa kinavyochukua mambo kinayoyajua na kuyaunganisha mpaka kinapata jambo jipya. Nimechagua tano. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja, kwahiyo usipoona yako pitia ya mwenzio.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Kijana wangu yuko kidato cha pili, anajituma kweli, usiku anakesha na madaftari, ukimuuliza notsi anakumwagia neno kwa neno. Ila mtihani ukija na swali limegeuzwa kidogo tu anakwama, bailojia ndo usiseme. Shuleni wananiambia ni mvivu wa kufikiri. Mimi ninayemuona usiku najua si mvivu. Sasa shida ni nini?
*Mama wa watoto watatu, Mbeya*

JIBU: Nzuri mama, na pole kwa hayo maneno uliyoambiwa. Mtoto anayekesha na daftari si mvivu hata kidogo. Kinachotokea ni kwamba kichwani ameweka sentensi, yale mambo yaliyomo ndani ya sentensi bado hayajaingia, na sentensi ya kukariri inajibu swali moja tu, lile lililoulizwa kwa maneno yaleyale.

Tuchukue moyo, maana kidato cha pili wanasoma mzunguko wa damu. Kwenye notsi kuna mstari unasema ukuta wa ventrikali ya kushoto, yaani kile chumba cha chini cha moyo upande wa kushoto, ni mnene kuliko wa kulia. Kijana huo mstari anao, hata umwamshe saa nane usiku atakwambia. Sasa anakuja mtungaji wa mtihani anauliza, je mtu akizaliwa na ukuta wa kushoto mwembamba sawa na wa kulia atapata shida gani? Hilo jibu halipo kwenye daftari la mtu yeyote darasani. Ila kuna mtoto anajua mambo matatu, kwamba upande wa kulia unasukuma damu hadi kwenye mapafu tu ambayo yako jirani hapohapo, kwamba upande wa kushoto unasukuma damu mwili mzima kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu, na kwamba msuli wenye kazi kubwa unahitaji kuwa mkubwa. Huyo akiyaweka pamoja jibu anajitengenezea palepale, damu haitasukumwa vya kutosha, mtu atachoka haraka, atahema. Hajawahi kulisoma, amelipata kwa kuunganisha. Na kesho akiulizwa kuhusu shinikizo la damu au mtu aliyevuja damu nyingi ataanzia hapohapo na mambo yaleyale.

Mwaka 1994 mtafiti Michelene Chi na wenzake kule Marekani walifanya jaribio kwa mada hiihii ya mzunguko wa damu. Wanafunzi wa darasa la nane walipewa maandishi, kundi moja likaambiwa kila ukimaliza sentensi simama, jieleze mwenyewe imemaanisha nini na inahusiana vipi na unayoyajua. Kundi la pili likasoma maandishi yote mara mbili. Waliojieleza walielewa zaidi, na tofauti ilionekana hasa kwenye yale maswali ambayo majibu yake hayakuandikwa moja kwa moja. Kijana wako kwa sasa yuko kundi la pili, tena yeye anasoma mara kumi.

Alafu kuna jambo lazima niliseme maana linaniuma. Mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza karibu kila somo ni Kiingereza. Sasa kama lugha yenyewe hajaishika atafanyaje zaidi ya kukariri? Anameza sentensi nzima kwa sababu hawezi kuifungua. Kwahiyo jioni mwambie akueleze moyo unavyofanya kazi kwa Kiswahili, au Kinyakyusa kama ndo lugha ya nyumbani kwenu, Kiingereza cha mtihani akipachike mwishoni akiwa ameshaelewa. Wewe si lazima ujue bailojia. Kazi yako ni kuuliza "kwanini?" na "ingekuwa kinyume chake je?", na akisema "ndo tulivyoandikiwa" basi hapo umepata mahali pa kurudia. Siku za kwanza atakasirika kidogo, vumilia tu mama.

SWALI: Niko chuo hapa Nairobi, nafanya saikolojia. Lekchara wetu alisema mtu hupata wazo jipya kwa kuunganisha dhana mbili za zamani. Nikauliza kama ni kujumlisha tu, moja na moja, lakini saa ikaisha. Ni kujumlisha?
*Mwanafunzi, Nairobi*

JIBU: Hapana, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani maana wakubwa wa fani yako wamelibishania miaka na miaka.

Fikiria mnyama wa kufugwa ndani ya nyumba, kichwani anakuja paka ama mbwa. Fikiria samaki, mtu wa Kisumu ataona mbuta au ngege, mtu wa Mombasa ataona changu. Haya sasa unganisha, samaki wa kufugwa ndani ya nyumba. Amekuja yule mdogo wa rangi ya dhahabu anayezunguka kwenye kioo, ambaye si mfano mzuri wa samaki na wala si mfano mzuri wa mnyama wa kufugwa. Kama ingekuwa kujumlisha ungepata kitu kilicho katikati ya paka na mbuta, na hicho hakijamjia mtu. Daniel Osherson na Edward Smith waliliweka tatizo hili mezani mwaka 1981 na mpaka leo kwenye vitabu vyenu mtalikuta.

Kuna jingine mimi nalipenda zaidi. Mwaka 1990 Ziva Kunda na wenzake waliwaambia watu wafikirie seremala aliyesoma Harvard, kile chuo kikuu maarufu cha Marekani, alafu wamweleze ni mtu wa namna gani. Watu wakasema huyo ni mtu asiyejali mali. Ukiwauliza kuhusu maseremala peke yao hawasemi hivyo, wahitimu wa Harvard peke yao ndo kabisa hawasemi. Hiyo sifa imetoka wapi? Imetoka kwenye "kwanini". Kichwa kikiona vitu viwili ambavyo havikai pamoja kinatafuta sababu, mtu mwenye cheti kile angeweza kupata hela nyingi sana mahali pengine, kumbe yuko na randa na msumeno, basi lazima hela haimsumbui. Yani unapounganisha dhana mbili unaingiza na kila unachokijua kuhusu watu, kazi na pesa, bila hata kujitambua.

Ila usiende ukamwambia lekchara kwamba hamna kanuni kabisa. Jerry Fodor na Zenon Pylyshyn mwaka 1988 walikumbusha kitu cha msingi sana, kwamba anayeweza kufikiria "Asha anampenda Juma" anaweza pia kufikiria "Juma anampenda Asha", na anajua ni mambo mawili tofauti kabisa. Vipande ni vilevile, mpangilio umebadilika na maana imebadilika. Kwa maoni yangu yote mawili ni kweli, mpangilio unakwambia nani kamfanyia nani nini, na maarifa yako ya dunia yanajaza mengine yote.

SWALI: Nimeambiwa mimi ni mtu wa kujifunza kwa kuona, sio kwa kusikia. Je niachane na vitabu na vipindi vya redio nitafute video tu?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Usiachane na chochote. Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo, wakatoa ripoti yao mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtu akifundishwa kwa "mtindo wake" anaelewa zaidi. Kupenda video ni sawa, kila mtu ana anachokipenda. Lakini ramani utaielewa kwa kuiona hata ukiwa "mtu wa kusikia", na wimbo utausikia tu hata ukiwa "mtu wa kuona". Fuata somo linataka nini.

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Babu yangu yuko Makunduchi, hajaingia skuli hata siku moja. Akicheza bao anakumbuka mchezo wa jana kete kwa kete, anakupangia ulivyokuwa na anakuonesha ulipokosea. Lakini ukimtajia namba ya simu kabla hujafika mwisho kashasahau mwanzo. Kichwa kimoja, vipi huku kina nguvu na huku hakina?
*Mjukuu, Unguja*

JIBU: Waaleikum salaam, na mwamkie babu kwa niaba yangu. Kichwa chake ni kizima na kina nguvu ileile pande zote mbili, tofauti ni kilivyovifunga vitu.

Mwaka 1956 George Miller aliandika makala maarufu sana kwamba mtu anaweza kushika kichwani kwa mara moja vitu kama saba hivi, viwili juu au viwili chini. Baadaye, mwaka 2001, Nelson Cowan akaonesha kwamba ukimzuia mtu asirudierudie na asivikusanye, ni kama vinne tu. Vinne! Profesa ana vinne na babu ana vinne. Ila neno muhimu hapo ni "vitu", kwa sababu hakuna aliyesema kitu kimoja kiwe na ukubwa gani. Namba ya simu kwa babu ni tarakimu kumi zisizohusiana, yani vitu kumi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, lakini babu haoni mashimo 32. Anaona nyumba ya mwenzake imejaa na iko wazi, anaona kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu, kimelindwa, anaona mtaji, yaani nafasi ya kula kete, unakuja raundi ijayo. Hivyo ni vitu vitatu, na ndani ya kila kimoja kuna mashimo na kete kibao zimefungwa pamoja.

Wenzetu walilipima hili kwenye chesi. William Chase na Herbert Simon mwaka 1973 walimuonesha bingwa ubao wenye kete kama 25 kutoka kwenye mchezo wa kweli, sekunde 5 tu, wakaufunika. Bingwa akapanga upya kete kama 16 mahali pake, anayeanza kama 4. Alafu wakazitawanya zilezile ovyo ovyo ubaoni bila mpango wa mchezo, na hapo ubingwa wote ukayeyuka, bingwa akawa sawa na anayeanza. Jaribu na babu nyumbani. Mpangie bao la mchezo ulio katikati, muoneshe kwa sekunde chache, funika na kitambaa mwambie apange. Mara ya pili zimwage kete kwenye mashimo bila utaratibu wowote, natabiri atakasirika na kukwambia hilo si bao.

Na hapa sizungumzii bao kwa kulinganisha hivihivi. Mholanzi Alexander de Voogt alikuja akakaa na mabingwa wa bao hukohuko Zanzibar, akajifunza kucheza na kuchunguza akili zao zinavyofanya kazi, mwaka 1995 akapata udaktari wake chuo kikuu cha Leiden kwa kazi hiyo. Naona fahari kila nikikumbuka kwamba wazee wa barazani wamekuwa walimu wa sayansi hii.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja Pittsburgh, Marekani, aliitwa Steve Faloon, alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Alianza akiweza tarakimu 7 kama mimi na wewe, baada ya mazoezi ya zaidi ya saa 230 akawa anasomewa tarakimu 79 anazirudisha zote kwa mpangilio. Ripoti ilitoka mwaka 1980. Mbinu yake? Akisikia 3, 4, 9, 2 yeye anasikia dakika 3 sekunde 49.2, muda mzuri mno wa kukimbia maili moja. Zile nne zimekuwa kitu kimoja chenye maana kwake. Walipombadilishia wakampa herufi akarudi kwenye sita tu. Kwahiyo kumbukumbu yenyewe haikuongezeka, kilichoongezeka ni mafungu aliyokuwa nayo ya kufungia namba, na ya herufi hakuwa nayo. Babu yako ana mafungu ya bao aliyoyakusanya maisha yake yote. Ukitaka akumbuke namba yako ya simu mfungie kwenye mambo anayoyajua, mwaka aliooa, umri wa baba yako, kitu cha namna hiyo.

SWALI: Nauza dagaa Kirumba, niliishia darasa la saba. Sokoni haniibii mtu, sado (kile kindoo cha kupimia) saba, sado kumi napiga kichwani na chenji natoa kabla mteja hajafungua simu. Sasa nimeanza masomo ya jioni nataka nifanye QT, ule mtihani wa kufuzu wa watahiniwa wa kujitegemea, ila hesabu hizohizo zikiandikwa ubaoni nakosa na watoto wadogo wanapata. Hii ni akili gani? Niache?
*Mfanyabiashara, Mwanza*

JIBU: Usiache kaka yangu, nakuomba. Ulichokieleza kiliwahi kupimwa, na barua yako imenigusa kwa sababu inafanana mno na habari ya mtoto mmoja wa Brazil.

Mji wa Recife, mwaka 1985 matokeo yakachapishwa. Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walikwenda sokoni wakanunua vitu kwa watoto watano wa miaka 9 hadi 15 wanaouza nazi, mahindi, vitu kama hivyo. Wakawauliza bei za vitu vingi kwa pamoja, wakauliza chenji. Watoto walipata 98%. Baadaye watoto walewale wakapewa hesabu zilezile kwa karatasi na penseli, zile zilizotungiwa kisa wakapata 74%, zile kavu za namba tupu wakapata 37%.

Mmoja alikuwa na miaka 12, nazi moja anauza cruzeiro 35, pesa ya Brazil ya wakati huo. Mteja anataka nazi nne. Mtoto anasema, tatu ni 105, ongeza 30 ni 135, nazi moja ni 35, basi 140. Sawasawa kabisa. Kwenye karatasi akapewa 35 mara 4. Akasema 4 mara 5 ni 20, nabeba 2, 2 na 3 ni 5, mara 4 ni 20. Akaandika 200. Mtoto huyohuyo! Sokoni angemwambia mteja nazi nne ni 200 angejishtukia mwenyewe kwa sababu anajua nazi ni nini na pesa ni nini. Kwenye karatasi ile 2 aliyoibeba haikuwa na maana yoyote, ilikuwa alama tu ya kusogeza kutoka hapa kwenda pale, na ukisogeza kitu usichokijua utakiweka popote.

Utaniuliza, kama nazi na karatasi ni hesabu ileile kwanini ujuzi wa sokoni haukumfuata darasani? Kwa sababu ujuzi haujileti. Mary Gick na Keith Holyoak walilionesha hilo mwaka 1980. Waliwasomesha watu kisa cha jenerali anayetaka kuteka ngome, barabara zote zina mabomu yanayolipuka jeshi kubwa likipita, akagawa jeshi vikundi vidogo kila kimoja njia yake wakakutania ngomeni. Kisha wakawapa tatizo la daktari mwenye mionzi inayoweza kuua uvimbe tumboni, ila ikiwa mikali hivyo itaunguza na nyama isiyo na ugonjwa. Jibu ni lilelile la jenerali, mionzi hafifu kutoka pande nyingi ikutane kwenye uvimbe. Wengi hawakuona, na kisa wametoka kukisoma! Walipoambiwa tu "kile kisa kinaweza kukusaidia", wengi wao wakapata. Mwaka 1983 haohao wawili wakaona kwamba watu wakipewa visa viwili vya namna hiyo na kuambiwa wavilinganishe vinafanana wapi, wanalitambua lile wazo la ndani na kulitumia vizuri zaidi.

Kwahiyo fanya hivi kaka. Gawa ukurasa wa daftari katikati. Tuseme sado ni 4,500 na mteja anataka saba. Kushoto andika unavyopiga sokoni, mbili 9,000, nne 18,000, sita 27,000, na ya saba 31,500. Kulia andika ya mwalimu, 4,500 mara 7, alafu kila hatua jiulize hii ni pesa gani. Anaposema 7 mara 5 ni 35, andika 5 beba 3, ile 5 ni mia tano, kwahiyo 35 yake ni 3,500 na ile 3 unayoibeba ni shilingi 3,000. 7 mara 4 ni 28,000, ongeza zile 3,000 ulizobeba ni 31,000, na 500 uliyoiacha pembeni, 31,500. Hesabu ya mwalimu na ya kwako zimekutana kwenye shilingi ileile. Fanya hivyo kwa bei zako zote, kisha kwa bei za jirani anayeuza nguo au saruji, na ukishazoea hamia kwenye namba ambazo haziuzi kitu. Usikubali kubeba tarakimu ambayo hujui ni kiasi gani, na kama mwalimu wa jioni anakimbia muombe asimame akuambie. Ukifika kwenye aljebra niandikie tena, wengi huwa wanakwama hapo na ningependa tuipitie pamoja hapahapa kwa bei za dagaa.